Ng'ombe Aliyetugawia Mbegu za Wimbi

Alhamisi, 26 Aprili 1973

Asubuhi jua, mchana mawingu, na sasa saa mbili ya usiku mvua inapiga mabati kwa makelele ya mtoto aliyepewa debe na kijiti. Mgongo unaniuma. Kucha zimejaa udongo hata nikizisugua hazitakati. Na bado nacheka peke yangu hapa jikoni, mpaka paka amenihama.

Daftari langu, pole. Nimekuacha ndani ya mkebe wa unga wiki tano bila kukuandikia neno. Nilikuwa na hasira, na mimi nikiandika kwa hasira natoboa karatasi.

Leo hasira imekwisha. Ilikwisha mchana huu, katikati ya shamba, na aliyeimaliza ni baba mkwe wangu akisaidiwa na ng'ombe.

Ngoja nianze mwanzo, maana hata mimi mwenyewe nikija kusoma haya baadaye nitadhani nilikuwa na homa.

Shamba letu hapa karibu na Sotik unalijua. Upande wa juu ni chai. Upande wa chini, kuelekea mtoni, ni nusu eka ya chakula, na tangu nilipoletwa huku kutoka Kisii nusu eka hiyo imekuwa ikigawanywa mara mbili: mahindi yangu huku, wimbi ya mama mkwe kule. Mwaka huu nilitaka yote. Nilikuwa nimeona mahindi ya kisasa kwa jirani, magunzi marefu kama mkono wa mtu mzima, na roho ikayatamani. Nikamwendea Mama nikamwomba aniachie na upande wake, mara hii moja tu.

Na sikuomba kwa adabu. Acha nikiri. Nilimwambia wimbi ni kazi ya watu wasio na kazi, kwamba mtu anapalilia nyasi zinazofanana na wimbi yenyewe mpaka macho yanaingia ukungu, halafu anavuna punje ambazo kuku akipiga chafya zinaruka zote. Nilijiona mjanja sana. Mama akanitazama, akasema, "Sawa. Shamba ni lako mwaka huu." Akachukua mbegu zake, akazichanganya na jivu zisiliwe na wadudu, akazitia kwenye chungu na kukipandisha darini kwake. Hakununa hata kidogo. Ningependa angenuna.

Kilichobaki kilikuwa siku ya kupanda. Hapo ndipo anapoingia Mzee.

Baba mkwe wangu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa la chai kule Kericho. Kazi yake ya kila asubuhi, kabla ya nyingine zote, ilikuwa kupima mvua. Kulikuwa na mkebe wa shaba uliofukiwa nusu kwenye nyasi za ofisi, na glasi yenye mistari. Anamimina, anainamisha kichwa, anasoma, anaandika kwenye kitabu cha ofisi. Jioni anaandika tena kwenye daftari lake mwenyewe lenye jalada jeusi. Alipostaafu alikuja na blanketi, baiskeli, na daftari hilo. Watu wengine wakizungumza habari za mvua wanatazama mbingu. Mzee anafungua ukurasa.

Mwezi wa Februari akatuma neno kupitia kwa Mama: mbegu iwe ardhini kabla ya wiki ya pili ya Machi, maana daftari halijawahi kuona wiki hiyo ikipita kavu. Nikapanda kwenye vumbi. Kwa kamba, kwa kipimo, mistari imenyooka. Wiki ya pili ya Machi ikaleta mvua kweli. Siku mbili. Mahindi yakachungulia yote kwa pamoja, ya kijani, nadhifu, na mimi nikawa napita kando ya barabara polepole ili watu wanisalimie hapo hapo.

Kisha mbingu ikafungwa.

Wiki tano, daftari. Wiki tano katika nchi hii ambayo sisi tulizoea kuanika nguo huku jicho moja liko juu. Mahindi yakajikunja kwanza, yakawa kama vitambaa vilivyokamuliwa. Halafu yakawa ya manjano. Halafu nikiyagusa yanavunjika. Hata chai ilikataa. Nilikuwa nazunguka safu nzima nikirudi na majani yasiyofunika matako ya kikapu, na karani wa kituo cha kununua chai alikuwa analala juu ya mizani. Lakini chai ikikataa haifi, inangoja. Mahindi yalikufa.

Nikaenda Sotik kutafuta mbegu nyingine. Maduka yote yalikuwa yamekwisha kuuza, maana si mimi peke yangu niliyedanganywa. Na hata ningepata, haya mahindi ya huku juu yanakaa shambani miezi saba, minane. Ukiyapanda mwisho wa Aprili unayapanda ili yaje yapigwe na baridi. Kwa hiyo swali lilikuwa moja: watu sita wa boma hili watakula nini kuanzia Septemba?

Kila mtu ana maelezo yake kuhusu mvua. Mama Chebet, jirani yetu Mkipsigis wa ng'ambo ya ua, anasema ni wale Wazungu waliokwenda mwezini. Walipita na chombo chao wakatoboa mahali, na maji yanavujia upande wa pili. Mhubiri wetu anasema ni dhambi, na aliposema hivyo Jumapili ya Pasaka alinitazama mimi. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilipoletwa hapa bibi harusi, miaka minane iliyopita, msitu ulikuwa unafika mpaka ule mlima wa pili, na asubuhi ukungu ulikuwa unatoka humo na kutulowesha kabla hatujafika mtoni. Sasa ni mashamba matupu mpaka macho yanapochoka, na langu limo. Mto wenyewe mwezi uliopita niliuvuka bila kuinua nguo. Nashuku kuna uhusiano, lakini mimi niliishia darasa la saba.

Mzee alifunga daftari lake jeusi, na Mama aliniambia amelitia chini ya godoro.

Sasa, ili mambo ya leo yaeleweke lazima niandike juu ya kukohoa.

Kwetu mwanamke na baba mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono. Haingii nyumbani kwako, na wewe hujiachii nyumbani kwake, na darini kwake ndiyo kabisa huthubutu. Familia nyingi siku hizi zimelegeza. Wanasalimiana vizuri tu na kuulizana habari. Mzee wetu hajalegeza hata uzi. Tangu siku niliyoletwa hajawahi kuniambia neno moja uso kwa uso. Akitaka jambo anamwambia Mama, au anamwambia mtoto huku mimi nasikia, na mtoto anarudia kama kasuku. Mama na watoto wasipokuwepo, tunakohoa. Napeleka uji, naweka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nakohoa, naondoka. Akimaliza anarudisha bakuli kwenye kigoda na kukohoa. Kuna kikohozi cha asante na kuna kikohozi cha chumvi imepungua. Baada ya miaka minane navijua vyote.

Na wiki hii tuko wawili tu. Mama alikwenda Keroka kwa dada wa mume wangu wakati wa Pasaka na akawachukua watoto wote, maana wamefunga shule. Mume wangu yuko Kericho kiwandani, haji mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna mdomo wa kupitishia maneno. Yuko Mzee, niko mimi, na yuko Memsaab.

Memsaab ni ng'ombe. Tulimnunua Sigor kwa shemeji yake Mama Chebet, na Mzee ndiye aliyempa jina hilo kwa sababu anatembea kama mke wa meneja akikagua maua. Mimi ndiye ninayemkamua, asubuhi na jioni.

Na sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Wiki hizi tano nilikuwa na maneno mengi tumboni na hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mama angeumia. Mume wangu angenijibu kwa barua ya mistari mitatu. Kwa hiyo nikawa namwambia ng'ombe. Naweka kichwa ubavuni mwake, nakamua, nasema. Nilimwambia kwamba Mzee angepima uji badala ya mvua. Nilimwambia lile daftari jeusi lingefaa kuwashia moto, angalau lingetupatia joto. Asubuhi moja nilimwigiza akiinamisha kichwa kusoma glasi, na nikaiga vizuri mpaka Memsaab akageuka kutazama. Nilijua ninakosa adabu. Lakini nilikuwa nasema na ng'ombe, na ng'ombe hawana masengenyo.

Mvua ilirudi Jumatatu mchana. Ikanyesha Jumanne, jana ikanyesha vizuri zaidi. Udongo umekuwa mweusi, ukiukamata unashikana. Nililima tena nusu eka yote kwa jembe, nikafukia na yale mabua ya aibu. Na kila nikilima namwona Mama akipandisha kile chungu darini. Wimbi huvumilia, na haikai shambani muda mrefu kama mahindi. Mbegu ziko hatua ishirini kutoka jikoni kwangu, na ingekuwa heri ziwe Nairobi, maana Nairobi ningeweza kwenda.

Kungoja Mama mpaka wiki ijayo? Mvua hii imeshatuonyesha tabia yake.

Leo asubuhi nilikamua kwa huzuni tupu. Sikumsema mtu. Niliweka kichwa kwa Memsaab nikamwambia yaliyo kweli: "Memsaab, mimi nilikuwa mjinga. Niliicheka wimbi ya Mama, na sasa ndiyo peke yake inaweza kutuokoa, na siwezi kuifikia. Ningekuwa na mbegu leo, ningepanda leo."

Nyuma ya ukuta wa banda mtu akakohoa.

Daftari, maziwa nusu yalimwagika. Nilizunguka nikachungulia. Kigoda kingine cha Mzee kiko pale, mgongoni mwa banda, mahali jua la asubuhi linapofika kwanza. Udongo chini ya kigoda umechimbika kwa miguu. Si udongo wa siku moja ule. Mzee amekuwa akiota jua hapo kila asubuhi, labda tangu Machi, na mimi upande wa pili wa ukuta mwembamba wa udongo nikimwigiza.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshaondoka. Nilisimama na ndoo mkononi, masikio yakiwaka moto. Nikafikiri kukimbilia Keroka. Nikafikiri kwenda kwetu kabisa.

Nilipopeleka uji, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, chungu kilikuwa juu ya kigoda mlangoni kwake. Na Mzee alikuwa amesimama mbali, chini ya mti alipofungwa Memsaab kando ya shamba, amenipa mgongo, anamwambia ng'ombe kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza:

"Memsaab, sikia. Chungu iko hapo kwa kigoda. Mimi sijasema na mtu. Wewe ulisema unataka wimbi, nimekuletea wewe."

Alisema kwa Kiswahili, kile cha kule mashambani Kericho. Mama aliwahi kuniambia kwamba Mzee anaamini ng'ombe wa Sigor hajui Kikisii, na yeye hajui Kikipsigis, kwa hiyo inabidi wakutane katikati.

Nikachukua chungu. Nikakohoa. Sikuwa na kikohozi cha kutosha kwa jambo kama lile.

Nilidhani shida imekwisha, kumbe ilikuwa imebadilisha upande tu. Mimi sijawahi kumwaga wimbi kwa mkono. Mama humwaga, mimi hufuata na kufukia. Najua kamba na kipimo na mashimo mawili mawili. Nilipepeta jivu, nikatia mbegu kwenye kikapu, na ndipo nilipoona zilivyo kidogo. Zote zile hazikufika nusu ya kikapu. Hakuna nyingine katika boma hili. Nikizivuruga, basi, tumekwisha mpaka mwaka ujao.

Nikaingia shambani upande wa chini, nikachota, nikarusha. Zikatua zote mahali pamoja, rundo la kutosha kuku watatu. Nikarusha tena kwa nguvu zaidi. Upepo ukazichukua kwenye njia.

Kikohozi. Si cha asante.

Nikarusha mara ya tatu. Vikohozi viwili. Halafu sauti ikaanza chini ya mti:

"Memsaab! Huyo mtu anatupa mbegu kama anaita kuku. Mwambie asisimame, atembee. Mkono ifungue kidogo kidogo na vidole iachane. Akisimama inarundikana. Na asiangalie chini, aangalie mbele."

Nilitembea. Nikaangalia mbele. Zikaanguka vizuri kidogo upande wa kulia, vibaya kushoto. Nikaona hakuna njia nyingine, nikapaza sauti nikimtazama ng'ombe: "Memsaab, hebu uliza. Mtu akigeuka kurudi, anabadilisha mkono?"

"Abadilishe kwa nini? Anakula ugali na mikono ngapi?"

Nilicheka, ikabidi nijifanye napiga chafya. Tukaendelea hivyo. Mimi nauliza ng'ombe, ng'ombe anajibiwa. Mzee akamweleza Memsaab kwamba wao kwao walizaliwa wavulana watupu, mama yake hakuwa na binti wa kumsaidia, kwa hiyo alimfundisha yeye kumwaga wimbi akiwa mdogo, na wenzake wakamcheka mpaka akaona heri aende kuajiriwa na Wazungu. Miaka minane naishi na mtu huyu na sikuwa najua hata hilo.

Hapo ndipo Mama Chebet akapita kwenye ua na mzigo wake wa kuni. Akasimama. Akamtazama Mzee anayefoka chini ya mti, akanitazama mimi ninayemjibu ng'ombe kwa heshima, akatua mzigo chini kabisa.

"Kwani ni nini? Hii ng'ombe si ni ile tuliwauzia? Sasa mmeifanya chifu?"

Mzee akakohoa kikohozi ambacho sijawahi kukisikia. Mama Chebet akaondoka amejishika mbavu, na najua kufikia sasa habari iko Sigor.

Kufikia saa saba mawingu yalikuwa yamepanda kutoka upande wa ziwa, na mimi nilikuwa sijamaliza hata theluthi. Kumwaga ni mwanzo tu. Lazima uburute tawi zito juu yake ili udongo ufunike, la sivyo mvua ya nguvu ikija inazisomba zote mpaka mtoni. Nilikuwa namwaga, narudi, naburuta, narudi. Mzee alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha. Akatoka chini ya mti akatembea mpaka ukingo wa juu wa shamba, akavuta tawi lake mwenyewe, akasimama akitazama pembeni. Nikaelewa. Nikamimina nusu ya mbegu kwenye ungo, nikaweka kikapu katikati ya shamba, nikarudi nyuma mpaka chini. Yeye akaja akakichukua, akarudi juu.

Tukapanda hivyo, yeye akishuka, mimi nikipanda mlima. Laiti Mama angemwona. Mkono wake unatoka ubavuni kama anayefagia hewa, na mbegu zinaanguka kwa usawa hata huzioni. Mzee wa miaka sabini, suruali imekunjwa magotini. Na huku anamwaga alikuwa anasema, na sauti ilikuwa inanifikia kwa sababu tulikuwa tunazidi kukaribiana.

"Memsaab, mimi nilipima mvua miaka mingi. Kila asubuhi. Hata Krismasi. Nilifikiri najua mambo yake." Akaburuta tawi, akarudi. "Hiyo kitabu haikusema uongo. Iliandika ile ilinyesha. Sasa inanyesha ingine. Mimi ndiye nilimwambia mtu apande, na yeye akapanda, akapoteza. Wewe nilikusikia asubuhi zote ukinicheka. Ni haki yako. Nilitaka kukuambia pole, sikujua naambia nani."

Daftari, nilisimama na ungo wangu. Machozi yalinitoka na sikuona haya, kwani nani angeniona, tulikuwa tumepeana migongo. Wiki tano nimemkasirikia mtu huyu, na yeye wiki tano amekaa upande wa pili wa ukuta akiwaza namna ya kuomba radhi bila kuvunja heshima. Na mimi ukweli wangu ninaujua: ningepanda mapema hata bila daftari lake, kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza kando ya barabara.

Nikamwambia ng'ombe, kwa sauti kubwa ili ifike: "Memsaab, mwambie aliyepanda ni mimi. Na kule kumwigiza, mwambie sitarudia."

Nikasikia tawi likiburutwa. Halafu: "Arudie. Mwambie kichwa ilikuwa inainamia upande ya kushoto. Yeye anainamisha kulia."

Kumbe alichungulia!

Tulifika mahali ambapo kati yake na mimi palibaki ukanda wa hatua sita hivi. Tukasimama wote. Hatukuweza kusogea zaidi bila kuwa karibu kuliko tulivyowahi kuwa. Radi ilikuwa inanguruma upande wa Bomet. Mzee akatazama ule ukanda, akatazama kikapu. Akakiweka chini ukingoni, akageuka, akaenda zake kwenye mti.

"Hiyo ya katikati amalize mwenyewe," akamwambia Memsaab. "Mkono yake imeshajua."

Nilichota. Nikatembea nikitazama mbele, vidole vimeachana. Zikaanguka sawasawa, daftari. Sawasawa! Ningependa ungeona. Nikarudi na mkupuo wa pili, nikashika tawi kuanza kuburuta, na matone ya kwanza yakanipiga mgongoni, makubwa, ya baridi. Halafu yakawa magumu. Mvua ya mawe. Punje nyeupe zinaruka juu ya udongo na kwenye majani ya chai zinapiga makofi. Nilijua nikiacha ukanda ule wazi maji yatanichukulia mbegu, kwa hiyo nikainama, nikavuta tawi, na radi ikapasuka karibu mpaka nikahisi kwenye meno.

"Kerubo! Kerubo, wacha! Kimbia ndani, itakuumiza!"

Nilidhani ni mume wangu amerudi. Hakuna mtu mwingine hapa anayeniita hivyo. Kwa watu wote mimi ni mama wa fulani. Nikainua kichwa. Alikuwa Mzee, ametoka chini ya mti, kofia imemtoka, mikono miwili juu, amenitazama usoni kabisa.

Tukatazamana. Nafikiri yeye alishtuka kuliko mimi. Akashusha mikono, akaokota kofia, akageukia mti.

"Naambia wewe, Memsaab," akasema. "Ingia ndani."

Akamfungua kamba, wakaondoka mbio, ng'ombe mbele.

Nilikuwa nimebakiza hatua mbili. Nikaziburuta, ndipo nikakimbia.

Mawe hayakukaa, yaligeuka mvua ya kawaida, na ndiyo hii inayonyesha sasa. Chai imechunika kidogo, itapona. Wimbi iko chini ya udongo mahali pake. Labda itaota, labda mbingu itafungwa tena wiki ijayo na tutakuwa tumerudi tulipokuwa. Siwezi kukudanganya kwamba najua. Mzee naye hajui, na tangu leo hakuna anayejifanya anajua, na hiyo imenipa raha isiyo na kichwa wala miguu. Mama akirudi nitamwomba msamaha kwa yale maneno ya kuku na chafya, na nitamwomba anifundishe kutofautisha wimbi na magugu, hata macho yakiingia ukungu.

Jioni nilipeleka chakula, nikaweka kwenye kigoda, nikakohoa. Kutoka ndani hakukutoka kikohozi. Nilisikia tu kurasa zikifunuliwa, na kalamu inaandika.

Miaka minane. Kumbe jina langu analo, na analitamka vizuri, kwa lafudhi ya kwetu. Kesho asubuhi nikimpelekea uji, nikohoe kama siku zote, au nisimame pale mlangoni niseme, "Baba, uji huu hapa"?